Pampu ya kisima inazunguka kama kawaida lakini tangi linachelewa kujaa: naombeni ushauri kabla sijaing'oa

#1 MwenyeKisima (mleta uzi)

Wakuu, habari za majukumu. Naleta kwenu suala la kisima cha nyumbani, na naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo, kwa sababu mafundi watatu waliofika kwangu wameniachia majibu matatu yasiyofanana, na kila jibu lina bei yake.

Nipo Kigamboni, si mbali sana na bahari. Kisima changu kilichimbwa kwa mashine hadi mita 62, kikavishwa mabomba ya plastiki ya inchi 5, na yale mabomba yenye matundu membamba ya kuingizia maji yamekaa kati ya mita 50 na mita 59, yakizungukwa na changarawe. Kibali nilikiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kama Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inavyotaka. Nalisema mapema kwa sababu najua mtu ataniuliza. Siku ya majaribio wachimbaji walivuta lita 2,400 kwa saa, kwa saa 6 mfululizo. Maji yaliyokuwa yametulia mita 21 kutoka juu yalishuka hadi mita 33, yakakaa hapo.

Pampu niliichagua kwa hesabu. Kutoka kwenye maji hadi usawa wa ardhi ni mita 33, mnara na tangi ni mita 8, na msuguano ndani ya bomba la inchi 1 lenye urefu wa mita 74 nikaukadiria mita 4. Jumla ni mita 45. Muuzaji alinishawishi nichukue ya farasi 2 "ili isichoke", nami nilikataa, maana pampu ambayo ingevuta maji mengi kuliko kisima kinavyoleta ingenimaliza mimi na kisima pamoja. Nilichukua pampu ya kuzamisha ya inchi 4 yenye mota ya kilowati 0.75, fezi moja, ambayo kwenye kimo cha mita 45 inatoa takribani lita 1,900 kwa saa. Ilitundikwa mita 48, juu kidogo ya matundu.

Siku ya kwanza ilipowashwa niliandika mambo manne kwenye daftari la shule la mtoto, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Ndoo ya lita 20 iliyokingwa pale maji yanapoingilia tangini ilijaa kwa sekunde 36, sawa na lita 2,000 kwa saa. Umeme ulikuwa volti 228, na mota ilikula ampea 5.6. Baada ya saa 2 za kusukuma, usawa wa maji kisimani ulikuwa mita 31. Tangi la lita 5,000 lilijaa kwa saa 2 na nusu, nikatumia uniti 3 pungufu kidogo za LUKU.

Sasa tangi lilelile linachukua saa 4 na dakika 10. Nimekinga ndoo ileile mahali palepale, imejaa kwa sekunde 60, yaani nimebaki na lita 1,200 kwa saa. Volti ni 226 na ampea ni 5.8. Pampu hainguruma vibaya, haikatiki, na maji hayana mchanga. Kwenye mabomba ya juu hakuna palipolowa. Mama watoto anasema chai imekuwa na ladha nzuri kuliko zamani, maana maji yetu huwa na chumvi kidogo, lakini nadhani hilo halihusiani.

Fundi wa kwanza amesema pampu imelika ndani, ninunue mpya. Wa pili amesema kisima kinakauka, kiongezwe urefu. Wa tatu amebadilisha kapasita (kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza) kwenye kiboksi cha ukutani, akalipwa, akaondoka, na hakuna kilichobadilika. Nawasilisha.

#2 Mzee wa Bustani

Mkuu, usijisumbue. Pampu hizi zina umri wake. Nunua nyingine uweke, maisha yaendelee.

#3 FundiWaVisima

Mleta uzi, nakupongeza kwa daftari. Katika kazi hii nimefungua mamia ya visima, na wenye visima walioweza kuniambia pampu yao ilikula ampea ngapi ikiwa mpya siwezi kuwahesabu hata kwa vidole vya mkono mmoja, kwa sababu hawajafika watano. Wengi huniambia tu kwamba "zamani yalikuwa yanakuja kwa nguvu", na mimi hubaki kupiga ramli kama hao wenzangu watatu.

Ndugu yangu wa #2 nisamehe, lakini huko ni kununua dawa kabla ya kupima ugonjwa.

Kuhusu kapasita tulimalize haraka. Kapasita mbovu huizuia mota kuanza, au huifanya iunguruma na kupata moto. Mota ikishaanza, ikafika kasi yake na kukaa kwenye ampea 5.8 kwa volti 226, haiwezi kupoteza asilimia 40 ya maji kwa sababu ya kapasita. Hiyo pesa imekwenda.

Sasa kuna kipimo kimoja hukukirudia, na ndicho kitakachotuamulia. Washa pampu kwa saa 2 kama ulivyofanya siku ya kwanza, kisha upime usawa wa maji kisimani. Yakiwa yameshuka chini ya zile mita 31, tuanze kukifikiria kisima chenyewe. Yakiwa yamepanda juu ya mita 31, kisima hakina kosa, na tatizo liko kwenye pampu au kwenye njia ya maji. Ampea zitatuambia ni lipi kati ya hayo mawili. Kabla ya hapo usikubali mtu akufungulie kitu.

#4 MwenyeKisima (mleta uzi)

Ahsante fundi. Swali dogo: siku ya kwanza wachimbaji walinipimia kwa kifaa chao chenye kengele, nami sina. Pembeni ya bomba la maji kuna kibomba chembamba cha inchi robo tatu nilichosisitiza kiwekwe, japokuwa walininung'unikia. Nitatumia nini?

#5 FundiWaVisima

Hicho kibomba chembamba kitakuokoa, kwa sababu ndani yake hakuna nyaya za kunasa wala maji ya kukudondokea na kukudanganya. Chukua waya pacha mwembamba wa mita 50, ncha zake mbili zimenywe sentimita 1 na zisigusane, kisha ufunge kizito kidogo juu yake, kwa mfano nati. Weka alama ya wino kila mita. Upande wa juu unganisha na kipima umeme, kikiwa kwenye kipimo cha ukinzani, si cha volti. Shusha taratibu. Ncha zikigusa maji mshale utaruka, kwa kuwa maji ya kisima hupitisha umeme. Shika waya pale pale kwenye mdomo wa bomba, vuta juu, hesabu.

Ukiwa hapo mdomoni mwa kisima, nifanyie na mengine mawili. Kwanza, usiku kukiwa kimya, weka sikio usikilize pampu ikiwa inafanya kazi. Pili, izime kwa dakika 10, uiwashe, kisha uhesabu sekunde hadi maji yafike tangini.

#6 Dada wa Tabata

Naomba niingilie kidogo kabla mleta uzi hajarudi, kwa sababu fundi ametaja kapasita na yangu ndiyo inayonguruma. Nikiwasha, inatoa sauti kama ya nyuki kwa sekunde chache halafu saketi breka inakatika. Je, niitoe kisimani?

#7 FundiWaVisima

Dada, usiitoe bado. Anza na vitu vilivyo juu ya ardhi, kwa kuwa kuvipima ni kazi ya nusu saa na kuing'oa pampu ni kazi ya siku nzima na watu wanne.

Zima umeme kwenye swichi kubwa, si kwenye kiboksi pekee. Fungua kiboksi, na kabla ya kuigusa kapasita iondolee chaji kwa kuunganisha miguu yake kupitia taa ya zamani ya waya au rezista, maana inaweza kukutupa hata kama umeme umezimwa. Kisha ipime kwa kipima chenye uwezo wa kusoma maikrofaradi. Thamani inayotakiwa imeandikwa ubavuni. Kwa mota nyingi za kilowati 0.75 utakuta 35. Ikiwa imeshuka zaidi ya asilimia 10, au imevimba, badilisha kwa namba ileile, wala usiongeze kubwa kwa kudhani mota itapata nguvu zaidi.

Kapasita ikiwa nzima, chomoa nyaya 3 zinazotoka kisimani upime ukinzani kati yao, mbili mbili. Utapata majibu matatu, na yale mawili madogo yakijumlishwa yanapaswa kulingana na lile kubwa. Yasipolingana, au moja likiwa halisomi kabisa, waya umekatika au koili ya mota imekufa. Mwisho, fundi umeme mwenye kile kipimo cha volti 500, cha kuonyesha kama umeme unavuja, akupimie kati ya kila waya na ardhi. Mota iliyo kisimani ikisoma megaohmu 2 na kuendelea, iko salama. Ikishuka chini ya nusu megaohmu, maji yameshaingia mahali yasipotakiwa.

Vyote hivyo vikiwa sawa na bado inanguruma, basi imejamu, mara nyingi kwa mchanga au kwa kukaa miezi mingi bila kuwashwa. Hapo ndipo tunaitoa. Usiirudie kuiwasha mara kumi kumi ukitumaini itakubali, kwa sababu mota iliyogoma kuzunguka hula ampea mara nne au tano ya kawaida na huungua ndani ya dakika.

#8 Jirani wa Kitengela

Salamu kutoka Kenya. Nimesoma uzi huu kwa makini kwa kuwa nilichezewa na tatizo la aina hii mwaka mzima, isipokuwa langu lilikuwa la waya.

Huku kwetu visima ni virefu. Changu pampu imetundikwa mita 170, mota ya kilowati 1.5, fezi moja, inakula ampea 10. Kila alasiri ilikuwa inazima yenyewe baada ya dakika 40, kisha ikishapoa inawaka. Nyumbani kipima kilinionyesha volti 240 na nikaapa kwamba umeme hauna kosa. Aliyenisaidia alichukua karatasi akapiga hesabu: waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi mita 180 kwa 180, una ukinzani wa takribani ohmu 2.5. Kwa ampea 10 hiyo ni volti 25 zinazopotelea njiani, zaidi ya asilimia 10, kabla mota haijapata chochote. Na siku umeme wa mtaa wenyewe unaposhuka hadi 210, huko chini mota inapata 185. Mota haina huruma na jambo hilo. Volti zikipungua, inavuta ampea zaidi ili kufanya kazi ileile, na joto linapanda.

Tulibadilisha tukaweka waya wa milimita 6, upotevu ukashuka hadi volti 10 na ushei. Haijazima tena. Waya ule wa kwanza ulichaguliwa na muuzaji kwa sababu "ndio huo watu wanaonunua". Watu hao wana visima vya mita 40.

#9 Mzee wa Bustani

Na sisi ambao umeme wa jioni unashuka hadi 170 tufanyeje? Stabilaiza?

#10 FundiWaVisima

Mzee wangu, stabilaiza inasaidia, lakini ile ndogo ya televisheni itaungua siku ya kwanza. Kwa mota ya farasi 1 usiende chini ya kVA 3, kwa sababu ya ule mshtuko wa kuanza, na ikiwezekana chukua 5. Mimi kwa kawaida humshauri mtu aweke kwanza kinga ya volti, ile inayokata umeme ukishuka chini ya 200 au ukipanda juu ya 250 na kusubiri dakika chache kabla ya kurudisha, halafu asukume maji alfajiri. Tangi kazi yake ni hiyo, kutunza maji yaliyovutwa saa ambazo umeme una afya. Gharama ya kinga ni ndogo sana ukilinganisha na mota.

#11 Mpangaji

Samahani, mimi sina kisima ila nina pampu ndogo ya kuongeza presha, imefungwa na kitangi chekundu. Mtu akifungua bomba la jikoni inawaka na kuzima kila sekunde mbili, tik, tik, tik, usiku hatulali.

#12 FundiWaVisima

Kitangi chako kimeishiwa hewa. Ndani yake kuna mpira, upande mmoja maji na upande mwingine hewa, na hewa hiyo ndiyo springi inayosukuma maji pampu ikiwa imezima. Zima pampu, fungua bomba hadi maji yaishe kabisa, kisha pima kwa geji ya matairi kwenye ile valvu ndogo ya nyuma. Kama pampu yako huwaka ikifika baa 1.5, jaza hewa hadi baa 1.3. Kipimo hiki hakina maana kitangi kikiwa bado na maji yenye presha, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Ukibonyeza valvu ile yakatoka maji badala ya hewa, mpira umepasuka, nunua mpira mpya.

#13 MwenyeKisima (mleta uzi)

Nimerudi, wakuu. Nimepima kama nilivyoelekezwa, jana usiku na leo asubuhi, na majibu hayakutofautiana.

Baada ya saa 2 za kusukuma, maji yapo mita 27. Si 31. Yamepanda mita 4 nzima, kwa hiyo aliyesema kisima kinakauka nimeshamwondoa kwenye orodha. Nilipozima dakika 10 na kuwasha, maji yalifika tangini baada ya sekunde 40 na ushei, wakati zamani yalikuwa yanafika papo hapo. Kuhusu kusikiliza, majirani wameniona saa 5 usiku nimelala kifudifudi na sikio kwenye bomba la kisima, na sijui wamefikiria nini. Lakini nimesikia. Kuna sauti ya maji kumiminika, mfululizo, kama mtu anayemwagia ndoo kutoka juu.

#14 FundiWaVisima

Basi umejijibu. Tuipitie hatua kwa hatua ili na wengine waelewe, kwa sababu uzi huu watu watausoma baada yetu.

Kwenye majaribio, kuvuta lita 2,400 kwa saa kulishusha maji mita 12, ambayo ni mita 5 kwa kila lita 1,000. Daftari lako linakubaliana na hilo: lita 2,000 zilishusha maji mita 10, kutoka 21 hadi 31. Leo yameshuka mita 6 tu, hadi 27. Ukigawanya kwa 5 unapata lita 1,200 kwa saa, ambazo ndizo hasa zinazoingia tangini kwa ndoo yako. Kisima kinasema kimetolewa lita 1,200 na tangi linasema limepokea lita 1,200, kwa hiyo juu ya ardhi hakuna hata tone linalopotea, na usichimbue bomba la uani.

Sasa pampu yenyewe. Impela, yale mapanga ya ndani yanayosukuma maji, zikilika, pampu husukuma maji machache, kazi yake hupungua, na ampea hushuka. Valvu ya juu ikiziba, vivyo hivyo, ampea hushuka. Zako zimepanda, kutoka 5.6 hadi 5.8. Pampu za aina hii hula umeme zaidi zinapopitisha maji mengi zaidi, maana yake pampu yako inasukuma zaidi ya lita 2,000 kwa saa, lakini sehemu yake inarudi kisimani kabla haijafika juu. Ile valvu ya kuzuia maji kurudi iliyo juu ya pampu ikifa peke yake, maji yatachelewa kufika ukiwasha, lakini yakishafika yatakuja kwa kasi ileile ya zamani. Kwako kasi yenyewe imepungua. Na kwa kuwa unasikia maji yakimiminika, ufa uko juu ya usawa wa maji, yaani kati ya mdomo wa kisima na mita 27.

Kuna mwenzangu anaweza kupinga kwamba ampea hupanda pia beringi zikifa au mchanga ukikwaruza ndani. Ni kweli, lakini hizo hazimimini maji.

#15 Jirani wa Kitengela

Na ile chai?

#16 FundiWaVisima

Umeniwahi, mkuu, nilitaka kuirudia. Mleta uzi alisema haihusiani, na mimi nadhani inahusiana sana. Karibu na bahari maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, kwa sababu ni mepesi kidogo. Kanuni inayotumika ni kwamba kwa kila mita 1 ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna kama mita 40 za maji baridi chini yake. Maana yake ni kwamba ukiyashusha maji ya juu kwa kuvuta kwa nguvu, maji ya chumvi yaliyo chini yanainuka kukifuata kisima, na yanainuka kwa kiwango kikubwa kuliko ulivyoyashusha. Hapo kwako kwa miezi kadhaa maji yameshuka mita 6 badala ya 10. Ufa umekuwa ukikifanyia kisima chako hisani bila wewe kujua.

Ndiyo maana ushauri wa kuongeza urefu ungekuwa hasara ya aina mbili. Ungelipia uchimbaji kutibu bomba lililopasuka, na ungeisogeza pampu karibu na chumvi.

#17 Mzee wa Bustani

Nafuta kauli yangu ya #2. Lakini mkiitoa, muwe waangalifu. Kijana mmoja hapa mtaani alivuta pampu kwa kushika waya wa umeme, waya ukakatika, pampu ikadondoka, na iko chini huko mpaka kesho.

#18 MwenyeKisima (mleta uzi)

Nimeona onyo la mzee na nimelizingatia. Taarifa kamili hii hapa.

Jumamosi tulizima swichi kubwa, tukaifunga kwa utepe na kumweka mtoto mkubwa ailinde, kisha tukaitoa pampu tukiwa watu wanne. Mabomba yangu yalikuwa ya plastiki ya mita 3 yaliyounganishwa kwa soketi, hivyo kila tulipovuta moja tulilibana la chini yake kwa kibano cha chuma kilicholalia mdomo wa kisima kabla ya kufungua la juu, na ile kamba ya usalama haikuachiwa hata mara moja. Soketi ya tano, mita 15 kutoka juu, ilikuwa na ufa mrefu kama kidole, na kingo zake zimelainishwa na maji kama zilipigwa msasa.

Fundi tuliyemwita alinionyesha sababu. Mota inapoanza hujipinda kwa ghafla upande mmoja, na msokoto huo hupandia kwenye mabomba. Mara moja au mbili kwa siku si neno. Lakini boya la tangi langu lilikuwa limefungwa kwa waya mfupi mno, kiasi kwamba maji yakishuka sentimita chache tu pampu inawaka, na kwa hesabu yetu ilikuwa inawaka zaidi ya mara 20 kwa siku. Soketi imevumilia ilivyoweza. Waya wa umeme nao ulikuwa umechubuka mahali pawili uliposuguana na ukuta wa kisima, ganda la nje tu, shaba haijaonekana. Pampu yenyewe ilikuwa nzima, impela zinazunguka kwa mkono bila kukwama, na mota ilisoma megaohmu 40. Hiyo ndiyo pampu niliyoambiwa niitupe.

Tumeachana na soketi. Tumeshusha bomba jeusi la roli la milimita 32, daraja la baa 10, kipande kimoja kutoka kwenye pampu hadi juu bila kiungo chochote ndani ya kisima. Waya tumeufunga kwenye bomba kila baada ya mita 2 kwa kuulegeza kidogo, kwa sababu bomba la roli hurefuka likijaa maji na waya uliokazwa unaweza kuchomoka. Boya tumelirefushia waya, sasa pampu inawaka tangi likiwa limebaki robo.

Tulipowasha, ndoo ilijaa kwa sekunde 36. Ampea 5.6. Baada ya saa 2 maji yalikuwa mita 31, kama siku ya kwanza kabisa.

#19 Dada wa Tabata

Hongera sana. Yangu ilikuwa kapasita, ilisoma 19 badala ya 35. Nimebadilisha, inafanya kazi. Sasa chai itarudi kuwa na chumvi?

#20 MwenyeKisima (mleta uzi)

Dada, swali hilo niliulizwa na mama watoto jioni ileile, kabla hata sijanawa mikono.

Nimeongea na FundiWaVisima pembeni, na jana nimeibana koki ya geti iliyo mdomoni mwa kisima hadi ndoo ijae kwa sekunde 45, ambazo ni lita 1,600 kwa saa. Maji yamesimama mita 29. Ampea zimeshuka hadi 5.2. Tangi likiwa tupu linajaa kwa saa 3 na dakika chache, nalo huwa halifiki kuwa tupu. Vipimo hivyo vinne nimeviandika kwenye daftari, chini ya vile vya mwanzo.